Pazia la Chumba cha Vidonda

Siku pazia lilipoamuliwa tulikuwa watu watano kwenye benchi la nje la zahanati, na nawataja wote ili kesho asitokee mtu wa kusema hakuwepo. Alikuwepo mwenyekiti wa kamati ya zahanati, Mzee Festo Ntahondi, ambaye mwanawe amemwoa binti yangu Anjelina, kwa hiyo mimi na mzee huyo ni wakwe. Alikuwepo Tabibu Bakari, Msambaa wa Lushoto, aliyeletwa kwetu na serikali na ambaye mwaka mzima alilalamikia baridi ya Kibondo kana kwamba kwao kuna joto. Alikuwepo Mama Yudita Nzeyimana, muuza vitambaa, aliyevushwa mpaka wa Burundi pale Mabamba akiwa mgongoni kwa mama yake na leo ni raia kama mimi na wewe. Huyo ni rafiki yangu na mjumbe wa kamati. Alikuwepo Mzee Anselmi Gwimo, mjumbe mwingine, jirani yangu wa shamba, aliyesinzia kikao kizima na kura yake ikahesabiwa. Wa tano ni mimi, Skolastika, mhudumu wa afya, niliyeitwa kuleta viti nikasahauliwa pale pale.

Nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza nilistaafishwa na serikali, kijiji kikaniomba nirudi kujitolea kwa sababu hakuna aliyeletwa. Mara ya pili nimestaafishwa na magoti. Neema, aliyerithi chumba changu cha vidonda, ameniletea daftari na kalamu akaniambia, bibi, tuandikie ulivyokuwa unafanya. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Walipopita wale wa kuhakiki vyeti nilikuwa nacho kimoja tu, cha ubatizo, wakanong'onezana wakaniacha nimalizie muda wangu. Kwa hiyo mnivumilie. Habari za vyeo na mshahara siandiki, zote zilikuwa fupi. Majina ya waliotibiwa nayo siandiki, isipokuwa la mmoja aliyeniruhusu, ingawa ninayo yote kichwani, na majina ya baba zao.

Nitaandika juu ya jambo moja, vidonda vidogo vya wanaume sehemu za siri. Kwenye kuta za zahanati yetu kuna bango la mama mjamzito, la mtoto na chandarua, na la kunawa mikono. La hilo halipo. Nadhani mchoraji naye aliona aibu.

Nilianza Kasulu, hospitali yenye chumba kirefu cha vidonda na dirisha moja. Niliajiriwa kufagia. Siku yangu ya kwanza, kabla sijajua hata ufagio unakaa wapi, waliingia wanaume wawili wamemshikilia wa tatu. Alikuwa anateremka mlima na baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi, breki ikakatika, na mambo mengine yalimalizikia kwenye bomba la baiskeli. Wahudumu wa kike waliokuwepo wote walikumbuka kazi nyingine. Akabaki Mzee Yohana Bukuru, dresa, ndivyo tulivyowaita wafunga vidonda wa zamani, mtu mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea wagonjwa. Alihitaji mtu wa kumshikia bakuli. Akaniona na ufagio.

"Mfagizi, una macho mangapi?"

"Mawili, mzee."

"Moja litazame bakuli. La pili litazame kidonda. La tatu la kutazama aibu ya mtu hukupewa. Njoo."

Nikaenda. Nimeshika bakuli hilo karibu maisha yangu yote.

Mzee Bukuru hakuwa na maneno mengi, lakini mikono yake ilifundisha. Damu ikitoka, alikunja kitambaa safi cha gozi, akakandamiza dakika kumi kwa saa ya ukutani bila kuchungulia. Wengi wetu tunachungulia kila baada ya muda mfupi kama mpishi wa wali mgeni, ndiyo maana damu haisimami. Kuosha, aliosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akitiririsha, hasugui. Spiriti hakuigusisha kwenye ngozi ile. Alisema spiriti ni ya chuma, si ya mtu. Alikausha kwa kugusagusa tu, akapaka mafuta ya mgando kidogo ili nguo isishike kidonda, akamwambia mtu avae bukta pana ya pamba na aachane na baiskeli na mkewe mpaka ngozi ifunge. Hapo ndipo wanaume wote, wa Kasulu na wa Kibondo, huuliza siku ngapi. Hawaulizi dawa inaitwaje. Wanauliza siku ngapi.

Kitu kingine alichonifundisha ni kuondoa kwanza kilichobana. Alikuja mtu mmoja amejifunga uzi kuzuia damu ya mchubuko mdogo. Alipoona sura yangu ya kike akasema atarudi kesho mwanamke akiwa hayupo. Mzee Bukuru alikuwa chumba cha upasuaji, nami nilikuwa mgeni wa kazi, nikamwacha aende. Alirudi baada ya siku mbili akiwa amebebwa. Aliishi, lakini hospitali haikuweza kumrudishia kila kitu alichokuja nacho. Mzee Bukuru hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mchubuko haukuwa na shida, shida ilikuwa uzi, na kwamba nilimwacha aondoke na uzi. Maneno hayo sijayasahau hata siku moja.

Nilipoolewa nikahamia Kibondo, upande wa Kitahana, kwenye zahanati ya vyumba vitatu. Huko hakukuwa na dresa. Chumba cha vidonda kilikuwa mimi, meza ya bati, mikasi miwili, koleo la kushikia pamba, na sufuria ya kuchemshia vyombo ambayo wauguzi walikuwa wakiichukua kuchemshia mahindi mpaka nikaichora alama ya msalaba kwa rangi nyekundu.

Wanaume wa kwetu hawaji na kidonda cha aina hiyo. Wanakuja na kikohozi. Mtu anakaa, anakohoa, anaeleza habari za mvua, anauliza habari za watoto wako kwa majina, na wakati wa kuondoka, mkono uko mlangoni, anakumbuka kwamba kuna rafiki yake ana shida. Rafiki yuko wapi? Yuko nyumbani. Basi mwambie rafiki avue suruali, na wewe ingia umwakilishe. Hivyo ndivyo nilivyowapata wengi.

Na hawaji siku ya kwanza. Kwanza wanajitibu. Nimeosha dawa ya meno, majivu, tumbaku, na mafuta ya breki. Mwalimu mmoja wa hesabu alivunja betri ya redio akajipaka ule unga mweusi. Mchubuko wake ulikuwa mdogo, alikwaruzwa na kamba ya suruali mpya. Unga ukaunguza palipokuwa pazima. Nilimuuliza, mwalimu, betri umeambiwa na nani? Akasema alifikiri mwenyewe. Nikamwambia asifikiri tena mpaka apone. Nilimwosha kwa maji mengi, muda mrefu, na kila mara aliniuliza kama itabaki alama, kana kwamba kuna mkaguzi atakayekuja kuangalia.

Za zipu zilikuwa nyingi kuliko zote, hasa tangu suruali za mtumba za kubana zilipojaa soko la Kasulu. Vijana wangu, andikeni hili mahali mtakapoliona. Zipu ikibana ngozi, msivute wala juu wala chini. Pakeni mafuta ya kula au ya mgando, subirini kidogo, jaribuni taratibu. Ikikataa, iacheni ngozi, ishughulikieni zipu. Kata kitambaa kando yake, kisha kwa plaizi kali ukate kile kidaraja cha mbele cha kichwa cha zipu, meno yanaachana yenyewe. Plaizi yangu niliipata kwa fundi redio, nikaichemsha mara tatu. Nimeona wanaume wanaililia zipu. Nawaambia, zipu nyingine zipo sokoni.

Na kama mtu ana kidonda lakini hakumbuki kilichomwumiza, msimpake mafuta mkaishia hapo. Hicho kinahitaji kupimwa, yeye na mwenzake, bila mahubiri. Mahubiri yana jengo lake.

Sasa turudi benchini. Mzee Festo aliitisha kile kikao kwa sababu wanaume walikuwa wamemlalamikia. Walisema si heshima mwanamume mzima atazamwe na mwanamke wa umri wa mama yake, tena anayemjua, tena anayekaa naye jumuiya moja kanisani. Waliandika barua wilayani kuomba mhudumu wa kiume. Barua ikajibiwa kwamba imepokelewa na inafanyiwa kazi, na nadhani mpaka leo inaendelea kufanyiwa kazi hiyo. Kamati ikaona itatue yenyewe. Mzee Festo akapendekeza pazia. Mgonjwa asimame upande wa pili, uso usionekane, jina lisiulizwe wala kuandikwa, na mahali panapohusika pawe na dirisha.

Tabibu Bakari akainama kufunga kamba za viatu vyake. Alivaa ndala siku hiyo.

Mimi niliuliza, mtu bila jina nitamwitaje siku ya kurudi? Nitajuaje kama amechomwa sindano ya pepopunda? Mzee Festo akanijibu kwa upole wa wakwe kwamba mambo ya heshima yana gharama zake. Mama Yudita akatoa shuka la maua kutoka dukani kwake, la kitanda kidogo, kwa kuwa la kitanda kikubwa lilikuwa na mteja. Tukalitundika. Ikaja hoja ya dirisha likatwe urefu gani, maana watu hawalingani. Walibishana mpaka Mzee Anselmi akaamka. Mwisho mwenyekiti akasimama mwenyewe nyuma ya shuka, Yudita akaweka alama ya chaki, wakakata. Kwa hiyo dirisha la kijiji kizima lilikatwa kwa kipimo cha mwenyekiti. Wafupi kuliko yeye nikawawekea matofali. Warefu walipiga magoti kidogo, kama watu wanaosali bila uhakika. Katika miaka yote ya pazia alikuja mtu mmoja tu ambaye dirisha lilimtosha sawasawa, bila tofali wala goti. Simtaji. Wenye urefu ule ni wengi.

Tatizo la shuka la kitanda kidogo ni kwamba halifiki chini. Liliishia kwenye mapaja ya mtu mrefu na magotini kwa mfupi, na chini ya hapo kila kitu kilikuwa wazi: suruali iliyoshuka, vifundo vya miguu, na viatu. Kijijini kwetu mtu ana jozi moja ya viatu. Yule wa mabuti ya njano namfahamu tangu mama yake ana mimba yake. Yule wa katambuga zenye msumari unaochomoza, nilimwambia habari ya msumari huo Jumapili moja nje ya kanisa. Uso ndio uliofichwa, na mimi uso sikuuhitaji. Lakini waliridhika. Walisimama pale wakibadili sauti, wengine wakiongea kama Wakongo wa kambi ya wakimbizi, mmoja alijaribu Kiingereza. Mimi nikauliza panauma wapi, nikaosha, nikapaka, na daftarini nikaandika kama nilivyoagizwa: mwanaume, mwanaume, mwanaume. Ukisoma daftari la miaka ile utadhani kijiji kizima kilikuwa na mtu mmoja mwenye bahati mbaya sana.

Waliokosa kurudi walikuwa wengi. Hakuna wa kumfuata mtu asiye na jina. Nilimweleza mwenyekiti, akasema wasiorudi ndio waliopona.

Hapa lazima nieleze desturi yetu kwa wageni, maana Neema ni wa Dodoma. Kwetu sisi Waha, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai chumba kimoja. Hawali wakitazamana, hawapeani kitu mkononi, na wakihitaji kuambiana jambo humtumia mtu wa tatu hata kama wote watatu wanasikiana. Jina la mkwe halitamkwi. Mume wa Anjelina nilimwita Baba Eliya tangu Eliya alipozaliwa, na kabla ya hapo nilimwita yule. Mtoto wa pili alipobatizwa nilimnunulia mkwe wangu viatu vyeusi vya ngozi kwenye soko la Mabamba. Muuzaji hakuwa na kamba za kufanana, akanipa moja nyeusi na moja ya kahawia. Nikampa Anjelina, Anjelina akampa mumewe, mumewe akamwambia Anjelina aniambie ahsante. Hivyo ndivyo mkwe anavyopendwa kwetu.

Ilikuwa Jumatatu baada ya harusi kubwa ya Jumamosi. Tabibu Bakari alikuwa amekwenda Kibondo mjini kwenye kikao cha kujadili uhaba wa watumishi, akaniacha peke yangu. Nikasikia mtu ameingia upande wa pili wa pazia. Hakukohoa wala kunisalimu. Suruali ikashuka. Nikavuta kigoda changu, nikatazama dirishani kama Mzee Bukuru alivyonifundisha, jicho moja bakulini na jingine kwenye kidonda.

Palikuwa na mpira. Wale wasioijua Kibondo, huku kila kitu hufungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Kuni, magunia ya mihogo, mlango wa banda, kuku anayepelekwa sokoni. Mtu huyu alikuwa amejifunga ukanda huo kuzuia damu, mara tatu, akakaza vizuri kama anafunga mzigo wa kwenda Kakonko. Mbele ya mpira palikuwa pamevimba na rangi imeanza kuwa ya zambarau. Juu yake kulikuwa na dawa ya meno.

Nikainamisha kichwa kuchukua mkasi. Ndipo nikaona viatu. Kamba moja nyeusi, moja ya kahawia.

Nilijua kwamba naye anajua niliye upande huu, maana hapakuwa na mwingine, na kwamba amekuja tu kwa sababu ya lile shuka. Nikisema neno, atakimbia. Na akikimbia na mpira ule, binti yangu atakuwa na mume kama yule wa Kasulu, kama atakuwa na mume. Nikatoka nje kimya. Mama Yudita alikuwa benchini akisubiri dawa zake za presha. Nikamnong'oneza asimame kwenye ukingo wa pazia, autazame mlango, asitutazame sisi wote wawili, awe katikati yetu. Yudita ameishi na Waha tangu utotoni, hakuuliza kwa nini.

"Muulize huyo bwana, ilianzaje?" nikasema.

Yudita akamwuliza mlango. Sauti ikasema, "Mwambie aliyeko huko, ni zipu. Harusini."

"Muulize alifanyaje."

"Mwambie niliivuta."

"Muulize huo mpira umekaa tangu lini."

"Mwambie tangu jana asubuhi, damu ilikuwa inarudi."

"Na mkojo?"

"Mwambie unatoka. Ila kwa vituo."

Nikamwambia Yudita amweleze kwamba mpira unakatwa sasa hivi. Mkasi ukagonga bakuli. Mlio ule, sijui kwa nini wanaume wote huusikia hata wakiwa nje ya uzio. Akasema mwambie naomba ya kupaka tu, mkasi hapana. Yudita akaanza kunieleza, nami nimeshasikia. Nikaona suruali inapanda. Nikaona viatu nilivyovinunua mwenyewe vinageuka kuelekea mlangoni.

"Dismasi."

Sijui nani alishtuka zaidi. Nilikuwa sijawahi kulitamka, hata nikiwa peke yangu shambani.

"Dismasi, geuka. Mkwe wako nitakuwa tena kesho. Leo mimi ni mkasi na wewe ni kidonda, na kidonda hakiondoki na mpira wangu wa kukata."

Yudita alijiziba mdomo kwa khanga. Viatu vikasimama pale pale kwa muda ambao ningeweza kusali salamu tatu. Kisha vikageuka.

Nilipaka mafuta ya mgando kwanza, nikapitisha chini ya mpira ule mkasi wa bandeji wenye ncha butu, taratibu, nikakata mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Nikaweka gozi lililolowa maji ya baridi, nikashika kwa mkono bila kubana sana mpaka uvimbe ulipoanza kushuka na rangi kurudi. Nikaosha dawa ya meno. Kidonda chenyewe, kilicholeta yote hayo, hakikuzidi punje ya mchele, na kingekuwa kimeacha kutoa damu siku ile ile kama kingeachwa. Nikahakikisha ngozi imerudi mahali pake, maana ikibaki nyuma nayo inabana kama mpira. Nikampa sindano ya pepopunda. Halafu nikamwambia Yudita amwambie aende chooni na aache mlango wazi kidogo. Tukasikiliza, mimi na Yudita, tumesimama uani kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Ulitoka bila kituo hata kimoja. Kwaya ya Pasaka haijawahi kunifurahisha vile.

Hata hivyo nilimpeleka hospitali Kibondo, kwa sababu kitu kilichobanwa siku nzima lazima daktari akione. Alikwenda kwa bodaboda, amekaa upande kama mama anayekwenda kliniki. Daktari alimtazama, akampa dawa, akasema angechelewa mpaka jioni wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Nami nikafungua daftari, na chini ya wanaume wale wote wasio na jina nikaandika jina lake kamili, na siku ya kurudi.

Alirudi siku hiyo hiyo niliyoiandika. Viatu vile vile. Hatukuzungumza, wala Yudita hakuhitajika. Palikuwa pamepona. Nyumbani tuliendelea kama kawaida, yeye akiniona njiani anapinda kwenye migomba, mimi nikimwona najifunika uso kwa kitenge. Hakuna aliyeambiwa, hata Anjelina, mpaka yeye mwenyewe alipomwambia.

Mwaka jana wakaniaga. Walipika ugali, maharage na mbuzi mmoja, wakapanga mabenchi nje ya jengo jipya la zahanati. Mzee Festo akahutubia. Akanisifu kwa uvumilivu, kisha akalisifu pazia, na akatumia muda mrefu zaidi kwa pazia. Akasema kwa sababu yake hakuna mwanaume hata mmoja wa kijiji hiki aliyewahi kujulikana. Akasema chumba kipya cha Neema nacho kipate pazia kama lile, kwa kipimo kile kile, na kama kuna mtu ana neno aseme.

Nikatazama mabenchi. Kuanzia mbele mpaka nyuma, bila mtu kuambiwa, miguu ilianza kurudi chini. Mabuti ya njano yakaingia chini ya benchi. Katambuga zikafuata. Mwalimu wa hesabu akavua viatu kabisa akavikalia. Neema alinitazama, maana yeye ndiye atakayekaa na daftari la mwanaume, mwanaume, mwanaume, na mimi sikuwa na ruhusa ya kusema nilichokijua. Anayehudumia hana ruhusa hiyo. Lazima aseme mwenye kidonda.

Kwenye benchi la mwisho, akiwa amekaa akinipa mgongo kama inavyotakiwa, mkwe wangu akasimama.

"Baba, mimi nilijulikana," akasema. "Mama alinijua kwa viatu, akaniita jina langu nikiwa naondoka. Nilikuwa na watoto wawili siku ile. Leo unao wajukuu wanne kwangu. Hao wawili wa mwisho usingewapata kwa pazia."

Akakaa. Hakuna aliyecheka, na kwa kijiji chetu hilo si jambo dogo. Mzee Festo akatazama chini kwenye viatu vyake mwenyewe, kisha akanitazama mimi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alikumbuka kwamba lile shuka halikufika chini. Mzee Anselmi akaamka akauliza tumepitisha nini. Mabuti ya njano yakatoka chini ya benchi, taratibu, moja baada ya jingine.

Pazia halikupigiwa kura. Mama Yudita alilichukua siku hiyo hiyo, akashonea kiraka kwenye dirisha, sasa analifunikia cherehani yake. Neema ana mlango unaofungwa kwa ndani na daftari lenye majina. Anasema wanakuja, ingawa bado wanaanza na kikohozi.

Baba Eliya, maana nimerudi kumwita hivyo na jina nililoliandika hapa nimeliandika kwa kibali chake, amesomewa haya yote na Anjelina. Ametuma jibu kupitia kwake kwamba mama aache kama yalivyo, ila asisahau kuandika kwamba alirudi siku aliyopangiwa. Nimeandika.

Mengine nimeyaweka kama yanavyonijia. Inawezekana mikungu ya ndizi ilikuwa mitatu, si minne. Inawezekana kamba ya kushoto ndiyo iliyokuwa ya kahawia. Kama nimemsahau mtu aliyekuwa benchini, au nimemkalisha asiyekuwepo, anisahihishe kabla Neema hajapeleka daftari kupigwa chapa. Nyumba yangu ni ile baada ya kisima. Aje mchana, apite mlango wa mbele, na ajitaje jina.